Presha Iliyoandikwa Kabla ya Kupimwa

Nilitumikia masjala ya serikali hadi kustaafu, na huko nilijifunza kuitambua karatasi iliyojazwa kabla ya tukio. Kwa hiyo nilipoletewa fomu ya mazoezi nikiwa kitandani, sindano mbili mkononi na damu yangu ikizunguka ndani ya mashine, niliisoma yote, hata upande wa nyuma.

Figo zangu zilikuwa zimeacha kazi. Mara tatu kwa wiki nilitoka kwetu Zinga kwenda hospitali kusafishwa damu, na miguu nayo ilikuwa imeanza kulegea. Msikitini nilisali kwenye kiti, mwisho wa safu, kwa kuwa nikisujudu chini sikuweza kuinuka mpaka watu wawili wanishike makwapa. Hilo liliniuma kuliko sindano. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwenye adabu, aliniambia kwamba nikipiga pedali za kufungwa miguuni palepale kitandani, kama mwendesha baiskeli, katika saa mbili za mwanzo, miguu itapata nguvu na sijda nitairudia.

"Kwa nini saa za mwanzo tu?" nilimuuliza.

"Baadaye maji mengi yameshatolewa mwilini, baba, na presha hushuka. Ndiyo maana tunaipima kila mara kabla ya pedali."

Jibu lilikuwa safi mno. Nililiweka akilini.

Jirani yangu wa kitanda cha pili, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye babu zake walitoka Oman, naye alipiga pedali, lakini mdomo wake ulifanya mazoezi zaidi.

"Bwana Afisa, umefika wapi?"

"Sijafika popote. Nimelala."

"Mimi naona uko Chalinze. Ukipita kwenye mishikaki fumba macho, ile chumvi si yetu tena."

Wiki ya nne niliiona. Mkanda wa kupimia ulikuwa haujafungwa mkononi mwangu, lakini safu ya "presha kabla ya zoezi" ilikwisha kujazwa kwa wino. Nilimwita binti.

"Hiyo ni ya asubuhi, baba. Muuguzi alikupima uliposhuka kwenye mzani. Wagonjwa leo ni wengi, nimeinakili."

"Kwa hiyo umeandika jambo ambalo hukuliona."

Nikaamuru pedali zifunguliwe. Kuanzia hapo nilishuku kila kitu: kwamba mazoezi yalikuwa ya kujaza fomu, na fomu za kumpendeza mkubwa fulani asiyejua hata sura zetu. Kwa mwezi mzima nilikataa kupiga pedali, na nilijiona mtu wa haki.

Kisha adhuhuri moja, mke wangu akiwa kwa jirani, nilitandika mswala chumbani nikajaribu. Kushuka nilishuka. Nilikaa hapo chini mpaka aliporudi na jirani yake, wakaniinua.

"Haya," mke wangu alisema akinikung'uta kanzu, "na hii nayo waiandikie fomu?"

Nilirudi kwa binti na masharti yangu: nipimwe mbele ya macho yangu, iandikwe mbele ya macho yangu, nami niweke saini. Alikubali bila ubishi, jambo lililonizidishia shaka. Alifunga mkanda, akasoma, akasoma tena. Presha ilikuwa chini sana kuliko ile niliyopimwa kwenye mzani asubuhi hiyo. Alizifungua pedali mwenyewe.

"Leo hupigi, baba. Nisamehe kwa ile siku."

Tangu hapo aliwapima wote kitandani, mmoja mmoja. Jirani yangu alilalamika kwamba nimewahamishia masjala.

Miezi ilipita, nikipiga pedali kila presha iliporuhusu. Ijumaa moja nilikiacha kiti, nikasali chini, nikainuka kwa kutegemea kiganja kimoja sakafuni. Aliyekuwa kando yangu alininyooshea mkono. Nilimwonyesha kwa ishara asubiri. Siku iliyofuata ya kusafishwa nilimtaka binti aliingize jambo hilo kwenye fomu, pamoja na kiganja, ili pasiwe na udanganyifu.

"Siwezi, baba," alisema, kalamu ikiwa mfukoni. "Sikuliona."

Jirani yangu alicheka mpaka muuguzi akamwonya kuhusu sindano. Mimi nilikuwa bado sijaunganishwa na mashine. Binti alinipima presha, akanionyesha, kisha akatandika shuka safi sakafuni, akasogea nyuma hatua mbili. Nilivua viatu, nikashuka.