Hamdia, Mkalimani wa Kambi ya Macho

Saa nne asubuhi, jua la Isiolo limeshapamba moto na sauti ya Hamdia Abdinur imeanza kukauka. Amesimama ndani ya hema, kati ya meza ya daktari na benchi la wazee, akigeuza Kiborana kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kisomali.

"Mwambie asipepese," anasema Daktari Mawira.

Hamdia anamwambia.

Siku nyingine huuza maziwa ya ngamia sokoni. Lakini klabu moja ya kujitolea, ya watu wa Meru na wenzao wa ng'ambo, inapoleta kambi ya kupasua mtoto wa jicho bila malipo, humwachia dada yake biashara na kuja kutafsiri. Halipwi. Alianza mwaka ambao mama yake alipasuliwa bila kuwa na mtu wa kumweleza kinachoendelea.

"Watu hudhani kazi ni kuongea," anasema akijikanda shingo. "Kuongea si shida. Shida ni kile unachoambiwa useme."

Sasa zamu imewafikia Mzee Guracha na mkewe, Asho, waliotoka kijijini Sericho juu ya lori la mifugo. Wote wawili hawaoni. Asho amekamata pindo la shuka la mumewe.

Daktari anammulika Asho na kutabasamu: mtoto wa jicho, atapasuliwa leo. Anammulika Guracha, anarudia, kisha anazima tochi.

"Huyu ni presha ya macho. Mishipa imekufa. Hatuwezi kitu."

Hamdia anavuta pumzi. Anachuchumaa mbele ya mzee na kumwambia yote, bila kupunguza.

"Umekosea maneno wewe!" Guracha anafoka. "Muulize tena."

Anauliza tena. Jibu ni lile lile.

Hapo Asho anasimama. "Basi turudi nyumbani. Nione peke yangu nifanye nini?"

Daktari anatazama foleni. Hakuna aliyempa Hamdia maneno ya kutafsiri.

Ni Guracha anayemjibu mkewe. "Asho, kaa. Nimechoka kujigonga mlangoni. Nani atanishika mkono kama si wewe?"

Asho anakaa, kwa sharti moja: Hamdia asitoke kando yake. Hatoki, hata wenzake wanapoitwa kula.

Kesho yake bandeji inatolewa. Asho anapepesa, anamtazama Hamdia, anampita, anamtafuta mumewe. Anamkuta ameegemea ukuta. Anamkazia macho kwa muda.

"Umezeeka," anamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Mzee anacheka, mara ya kwanza tangu afike. Hamdia hacheki. Ameketi sakafuni, viatu amevua, miguu imevimba.

"Daktari anasema presha ya macho ikijulikana mapema, dawa ya matone huizuia," anasema. "Huyu angepimwa zamani, angekuwa anamwona mkewe leo."

Ameiomba klabu imtume muuguzi mwenye kifaa cha kupimia hadi Sericho kabla ya kambi ijayo. Yeye atakwenda naye. Wamesema watajaribu.

"Naomba mwaka mmoja tu," anasema akijiinua taratibu. "Mwaka mmoja nimalize kambi bila kumwambia mtu yeyote kwamba amechelewa."