Kivuli Pembeni mwa Herufi

Vestine alitoka kambini na kanuni moja, na aliwafundisha wanawe kabla hawajajua hata kufunga zipu za makoti ya baridi: ofisini jibu ni moja. Ukishasema, umesema. Ukiulizwa tena kesho, sema lilelile, kwa maneno yaleyale, na uso usibadilike.

Alikuwa na sababu. Katika kambi yao ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania, mumewe Mugisho aliulizwa waliukimbia mji wao wa Uvira majira gani. Akasema kiangazi. Miezi kadhaa baadaye mtu mwingine, kwenye meza nyingine, akamuuliza swali hilohilo, na Mugisho, ambaye ni mtu wa kufikiri, akafikiri, akasema la, mvua zilikuwa zimeanza. Faili lao la kuhamia Amerika likarudi chini ya mengine yote. Walipokuwa wakingoja lipande tena, utando wa nyuma ya jicho la kushoto la Vestine ukabanduka. Tangu utotoni alikuwa haoni mbali, na macho ya namna hiyo, alikuja kuelezwa baadaye, huweza kurefuka mwaka hadi mwaka mpaka utando ule unavutika na kuchanika. Mtaalamu alikuwa mbali, ruhusa ya kutoka kambini ikachelewa, jicho likazimika. Mugisho aliomboleza naye. Vestine hakuwahi kumwambia kwamba moyoni jicho lile aliliweka kwenye hesabu ya zile mvua zake.

Kwa hiyo huko Fridley, Amerika walikofika hatimaye, bintiye Gentille alipoanza kukaa chini kabisa mbele ya televisheni, magoti yakigusa kioo, Vestine hakungoja. Akapelekwa, akapewa miwani. Mwaka uliofuata ikaja miwani mizito zaidi, na uliofuata tena mizito zaidi ya hiyo. Gentille alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila alipoivua kuifuta, Vestine aliona macho yake mwenyewe yakimtazama, yote mawili yakiwa bado mazima.

Ndipo mwenzake wa zamu, pale kiwandani walipokuwa wakifungasha vyakula vya mbwa, akamtajia daktari wa macho huko Hopkins anayewavalisha watoto lenzi laini ndani ya jicho, za kupunguza mwendo wa ugonjwa huo. Hazirudishi macho yalikotoka, ila huyachelewesha yanakokwenda. Vestine aliposikia neno kuchelewesha, akaomba anwani.

Mapokezini alikuwapo Kemunto, msaidizi wa daktari, Mkisii mwenye kucheka upesi, aliyeendesha gari kutoka Burnsville kila asubuhi na kuulalamikia mwendo huo kwa kila aliyekuwa tayari kusikia.

"Karibu, Mama. Hii Swahili yenu ni ya wapi? Inanifurahisha."

"Ya Uvira. Yenu ndiyo imejaa Kiingereza mpaka mtu anatafuta mkalimani."

"Umenimaliza!" Kemunto akacheka. "Sasa leo mkalimani ni mimi, na sikulipishi."

Ofisi za dunia hii, kutoka Kigoma hadi Hopkins, zinafanana kwa jambo moja: kiti cha mgeni ni kifupi kuliko cha mwenyeji. Vestine alikaa kwenye kile kifupi, akaushika mkono wa Gentille. Daktari, mama wa Kizungu wa sauti ya chini, akamwekea mtoto usoni kile chombo kizito chenye vioo vingi, akaanza kuuliza. Ipi inaonekana vizuri zaidi, ya kwanza au ya pili? Ya kwanza, alisema Gentille. Akabadilisha vioo, akauliza tena, akabadilisha. Kisha Vestine, ambaye Kiingereza cha nambari alikielewa vizuri, akamsikia daktari akirudi nyuma na kuuliza lilelile la mwanzo.

Akaujua mtego. Hivi ndivyo walivyomfanyia Mugisho.

"Ya pi..." Gentille alianza. Mama akaubana mkono wake.

"Ya kwanza," alisema mtoto.

Wiki iliyofuata lenzi zikaja. Kemunto alimweleza Vestine kwa kuchora duara kwenye kiganja chake mwenyewe. "Hapa katikati anaonea mbali. Hapa kando kuna pete. Hiyo pete inaelekeza mwanga kwa njia ingine, inaambia jicho: wewe, wacha kurefuka."

"Na jicho linasikia?"

"Linasikia kiasi. Kama watoto wetu."

Walicheka wote wawili. Kisha daktari akazima taa, akamwonyesha Gentille ubao wa herufi, akamuuliza kama kuna kivuli chochote pembeni mwa herufi. Mtoto akakunja uso. Akafungua kinywa. Vestine alihesabu haraka: mtoto akilalamika, lenzi zitachukuliwa. Akaubana mkono.

"Fine," alisema Gentille.

Daktari akauliza tena, taratibu.

"Fine."

Majira ya baridi ya 2017 yakaingia kwa nguvu. Gentille alijifunza kutia lenzi asubuhi na kuzitoa jioni, na Vestine akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike Amerika. Yapo mambo aliyoyaona na hakuyaweka pamoja. Kwenye kwaya ya watoto, Jumapili, ukumbi ukiwa umefifizwa taa ili maneno ya wimbo yaonekane ukutani, Gentille aliruka mstari mzima, na Ildephonse, mwalimu wa kwaya, akamtania: "Gentille, weye unaimba kutoka kitabu gani? Kile cha wote ao chako?" Watoto wakacheka. Gentille akaomba kuhamia mstari wa nyuma. Shuleni aliacha mpira wa kikapu. Vestine akasema moyoni, msichana anakua.

Jioni moja ya Desemba, saa kumi na moja imepita kidogo na giza limekwisha kushuka, mama na binti walitoka kununua unga na mafuta upande wa pili wa University Avenue. Theluji ya asubuhi ilikuwa imegeuka maji machafu. Kwenye kivuko, mtu mweupe wa taa akawaka kuwaruhusu, Vestine akashuka barabarani. Gentille hakushuka. Kulia kwao gari lilikuwa linakuja likipunguza mwendo ili likunje.

"Twende, mama yangu. Baridi hii," Vestine alimwambia bintiye.

Mtoto alisimama ukingoni, mikono ndani ya mikono ya koti. Kwa miezi mingi Kiswahili alikuwa akikisikia tu na kujibu kwa Kiingereza. Sasa alisema, "Mama, ile gari ni moja ao ni mbili?"

Vestine akatazama. Gari lilikuwa moja.

"Unaona ngapi?"

"Mbili. Moja juu ya ingine. Kila usiku iko hivi. Taa zote ziko na mikia." Akaanza kulia bila sauti. "Nilitaka kumwambia docteur. Ulinibana."

Mtu mweupe akazimika, mkono mwekundu ukawaka. Vestine akarudi ukingoni. Walirudi nyumbani bila unga.

Nyumbani Mugisho alisikiliza mpaka mwisho. "Basi tumpeleke aseme," alisema.

"Na wakizichukua?"

"Watazichukua."

"Unasema kirahisi."

Mugisho alimtazama kutoka upande wake wa kushoto, upande ambao Vestine hakuweza kumwona bila kugeuza kichwa. "Sisemi kirahisi," alisema. "Mimi najua bei ya kubadilisha jibu. Unafikiri sijui?"

Vestine hakugeuka. Miaka yote hiyo alidhani amemficha hesabu ile.

Huko Hopkins alikataa kukaa mpaka aseme. "Dada Kemunto, mwambie docteur tumebadilisha jibu. Mtoto haoni vizuri kwenye giza. Alijua tangu mwanzo. Ni mimi nilimzuia."

Kemunto alikuwa na mzaha mdomoni, akauona uso wa Vestine, akaumeza. "Mama, huku watu wanabadilisha jibu kila siku. Akiuliza swali mara mbili, anajipima yeye mwenyewe. Hakupimi wewe."

"Haandiki kwamba tumedanganya?"

"Anaandika tu vile mtoto anaona."

Vestine akakaa. Taa zikazimwa, na safari hii aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Herufi ni moja au mbili? Moja. Akaulizwa tena. "Mbili," alisema Gentille, kisha, "hapana, ngoja, moja." Kila alipogeuza neno, Vestine aliikalia mikono kwa nguvu zaidi. Mtoto akaeleza mengi: herufi zina kivuli upande wa chini, kama mtu ameziandika mara mbili kwa haraka, mchana kweupe kivuli kinajificha, gizani kinatoka. Daktari aliitikia kwa kichwa. Gizani, alisema, mboni hupanuka, na mwanga mwingi zaidi unapita kwenye ile pete. Lenzi hizo zina gharama yake, aliongeza daktari, na yeye hakuwa amejua kwamba Gentille ndiye aliyekuwa akiilipa peke yake.

Kulikuwa na lenzi nyingine, yenye pete dhaifu zaidi. Gentille angeona vizuri zaidi.

"Na jicho?" Vestine aliuliza. "Litasikia?"

Kemunto akatafsiri swali, akangoja, akaleta jibu bila kulipamba. "Anasema pengine litasikia kidogo kuliko sasa. Pengine sawa. Kwa mtoto huyu hakuna anayejua. Watapima urefu wa jicho baada ya miezi, waone. Anataka kujua Gentille mwenyewe anasemaje."

Kama ni kuulizwa yeye, Vestine angechagua pete kali kuliko zote, hata mtoto aone magari kumi. Angemshika mkono kila kivuko mpaka aolewe. Alilijua giza la upande mmoja; ile mikia ya taa kwake ilikuwa mchezo. Lakini swali halikuwa lake, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi chini yake.

"Nataka kuona gari moja," alisema Gentille.

Daktari akamtazama mama. Vestine akakubali kwa kichwa, mara moja tu, kwa sababu hakuwa na uhakika angeweza mara ya pili.

Lenzi mpya zilipofika, akamtoa tena jioni hadi University Avenue. Walisimama mahali palepale. Mtu mweupe akawaka. Mbali kidogo taa za gari zilikuwa zinakuja.

"Sasa?"

"Moja." Gentille akakaza macho. "Kale kengine bado kapo, Mama, lakini kamefifia."

"Tuvuke?"

"Ngoja kwanza."

Vestine, kwa jicho lake la kulia, aliliona gari waziwazi, moja, mbali, nafasi ya kupita ikiwapo. Hakusema. Alimwachia mtoto atazame, akageuza kichwa kushoto kisha kulia kama alivyozoea, akijiuliza ni miaka mingapi ya jicho la mtoto wameilipa ili aione taa hii kuwa moja. Mkono mwekundu ukawaka, gari likapita likiwarushia maji ya theluji miguuni, na wote wawili wakabaki ukingoni, wakingoja zamu nyingine.