Mpini wa Upanga wa Mwalimu Anselmi

Sikusimuliwa na mtu. Jambo hili lilianza juu ya meza yangu ya kazi, hapa hapa Kasongo, nikiwa na kisu mkononi na akili zangu zote kichwani. Ukitaka kuniita mwongo, subiri nimalize kwanza.

Zamani zile za Wabeleji nilikuwa fundi wa mipini na ngozi. Jembe lililovunjika, kisu cha mwindaji, ala, viatu vya makatekista, vyote vilipita kwangu. Siku moja Mompe wa misioni, ndivyo tulivyowaita mapadri, alikuja mwenyewe na kitu kirefu kilichofungwa kwa blanketi. Akafungua. Ulikuwa upanga. Si panga la kufyekea majani, nakuambia upanga, ulionyooka kama fito, wenye chuma kilichokingama chini ya mpini mfano wa msalaba. Alitumiwa na ndugu zake wa Ulaya. Akanieleza kwamba si wa kale, ni mfano tu wa zile walizobeba wapanda farasi wa kwao zamani, na wala haukutiwa makali sawasawa. Aliutaka kwa mchezo wa sikukuu. Mtakatifu mmoja, aliyekuwa askari, alikutana na masikini akitetemeka kwa baridi, akakata joho lake vipande viwili, kimoja akampa. Ndicho walichotaka kuonyesha.

Tatizo lilikuwa mpini. Ulizungushiwa waya, waya ukaota kutu, na mti wa ndani ukapasuka. Ukiushika unakuchana.

"Fanya upya," akasema Mompe, "na uchonge kwa kipimo cha mkono wa Mwalimu Anselmi. Yeye ndiye atacheza mtakatifu."

Nilifurahi, maana Anselmi alikuwa karibu kuwa shemeki yangu. Alikuwa mtu wa Wamaza, upande wa Kabambare, aliyeletwa kufundisha watoto wa misioni. Alikuwa amemposa dada yangu Felista, aliyekaa nyumbani kwangu tangu wazazi wetu walipofariki. Mtu mpole. Sauti ya chini, vidole vyenye chaki, shati safi sikuzote. Kitu kimoja tu kilitushangaza kwake. Mvua ikishanyesha, alitembea akikokota tawi la mti nyuma yake, majani yakifagia njia. Tulidhani ni mazoea ya huko kwao.

Sasa sikiliza namna nilivyokuwa napima mkono. Mpini mzuri haufanywi kwa kukisia. Nilikuwa nachukua nta ya nyuki, naipasha moto kidogo, naizungusha kwenye chuma, halafu namwambia mwenye kifaa akamate kwa nguvu kama anayefanya kazi. Akiachia, alama za vidole zinabaki. Hizo ndizo ninazofuata ninapochonga.

Anselmi alikuja jua likizama, akitoka shuleni. Nikamshikisha upanga, nikageuka kuchochea moto. Akakamata, akaachia, akaaga haraka, akasema ana madaftari ya watoto ya kusahihisha. Nikawasha taa nianze kazi.

Hapakuwa na vidole kwenye nta.

Palikuwa na shimo moja pana, laini, kama mtu aliyebonyeza kwa kisigino, na juu yake mashimo manne ya mviringo yaliyopangwa kama upinde. Mbele ya kila moja kulikuwa na tundu jembamba lililochimba nta mpaka kwenye chuma. Mimi nimeshona ngozi za wanyama tangu ujana wangu. Niambie, ningeshindwa kutambua mguu wa chui?

Nilikaa pale nikiitazama ile nta mpaka ikapoa kabisa. Nikajiambia labda ni paka, labda ni mbwa wa jirani. Lakini upanga haukutoka mkononi mwake ila kuingia mkononi mwangu. Nikaiyeyusha nta. Kesho yake nikatuma neno kwamba kipimo kimeharibika, mwalimu aje tena, lakini aje mchana.

Akaja mchana, watoto wakiwa mapumzikoni. Safari hii sikugeuka. Nilitazama mkono wake ukiikamata nta: mkono wa mtu, kucha zilizokatwa, chaki kwenye mikunjo. Niliona vidole vikizama. Niliona vikitoka. Na pale vilipotoka, alama zilikuwa zile zile za jana.

Yeye hakushtuka. Aliweka upanga mezani taratibu, akakaa juu ya gogo langu la kuchongea.

"Yaya," akasema, akiniita kaka kama Felista anavyoniita, "sasa umeona."

Nikaenda kufunga mlango.

"Babu yangu alinifanyia dawa nikiwa mutoto mudogo," akaendelea. "Alitaka familia iwe na mulinzi. Hakuniuliza. Tangu ile siku, kila kitu kilaini kinanikataa. Matope, majivu, unga. Kinaonyesha ule mwengine."

"Unaua watu?" nikamuuliza. Ndilo swali lililonitoka. Habari za watu-chui tulizisikia kutoka mbali, na tulijua serikali iliwanyonga.

"Sijamugusa mutu. Lakini mvua ikinyesha usiku, ule mwengine ananizidi nguvu. Nikiamka sijui nilikuwa wapi." Akatazama mikono yake. "Nikishika kitu chenye kilitengenezwa kwa mukono wa mutu, ananyamaza. Jembe, chaki, hata kijiko. Ndiyo maana nilipenda ualimu, yaya. Lakini usingizini mukono unakuwa wazi."

"Na Felista?"

"Nilimwambia mbele ya kuleta neno la posa."

Hilo ndilo lililonichoma. Alipoondoka nikamwita dada yangu, nikamuuliza kama anajua. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

"Yaya, unafikiri mimi natembea nyuma yake mu matope bila kuangalia chini?"

"Na bado unamutaka?"

"Wewe umeshamuona akifundisha watoto wenye hawana viatu?" akasema. "Mbele ya kuingia mu kilasi anavua vyake. Mimi ninamutaka huyo."

Basi nikafanya kazi. Niamini, sijawahi kufanya mpini kwa moyo kama ule. Nilipima ngumi yake kwa uzi, kidole kwa kidole. Nikachonga mti wa mpera vipande viwili, nikavifunga juu ya ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini, kwa gundi ya ngozi iliyochemshwa. Nikazungusha kamba nyembamba ya kuvuta jasho, juu yake nikavalisha ngozi ya mbuzi iliyolowa, nikaishona, nikaibana kwa kamba nyingine mpaka ikakauka kivulini. Nilipoitoa kamba ya juu, ngozi ilikuwa na mifereji midogo ya kulazia vidole. Anselmi alipoushika, alifumba macho.

Siku ya mchezo uwanja wa misioni ulijaa. Wakristo, na hata Waislamu wa mjini walikuja kutazama. Anselmi alipanda juu ya farasi wa mbao, joho jekundu mabegani. Alipolikata na kumfunika masikini, akina mama kadhaa walilia. Kisha mawingu yakaja kutoka upande wa mto, watu wakatawanyika wakikimbia, na katika msukosuko ule Mompe alisahau kuuchukua upanga wake.

Mvua ilinyesha mpaka giza likaingia, ikaendelea. Tulikuwa tumeshalala niliposikia mlango ukigongwa.

"Yaya, fungua mulango. Niko nalowa." Ilikuwa sauti yake.

Felista alikuwa ameshasimama, mkono kwenye komeo. Ndipo sauti ile ile, kutoka kinywa kile kile, ikasema kwa shida, kama mtu anayebeba mzigo: "Hapana kufungua. Hata nikisema fungua, hapana kufungua."

Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa paa, amelowa, joho bado begani. Upanga ameuchomeka ardhini, na mikono yote miwili imeung'ang'ania mpini. Umeme ulipomulika niliona mabega yake yakipanda na kushuka, na shingo imekuwa nene kuliko shingo aliyokuja nayo kwetu. Macho yake yalirudisha mwanga. Macho ya mtu hayafanyi hivyo.

"Fungua, yaya," akasema kwa upole kabisa. Halafu: "Niongeleshe. Usiniache kimya."

Nilisema maneno ya ovyo, bei ya ngozi, habari ya baiskeli yangu iliyoharibika. Maneno yakaniishia. Felista akanisogeza, akakaa chini na mgongo wake ukutani, pale pale aliposimama Anselmi upande wa nje. Akaanza kumwongelesha kama mtu na mume wake jikoni. Alimweleza shamba watakalolima, mihogo upande huu, mpunga upande ule. Alimtajia majina ya watoto ambao walikuwa bado hawajawazaa. Kila alipomwita Anselmi, nje kulijibiwa. Mara "Naam." Mara mkoromo tu. Mara kucha zilikwaruza udongo wa ukuta, nasi tukausikia udongo ukimwagika. Felista hakunyamaza. Sauti yake ilikauka, akaendelea kwa kunong'ona.

Mvua ilikatika alfajiri. Nilipofungua, Anselmi alikuwa ameketi chini amelala, mtu kamili, mikono bado kwenye mpini. Ilinibidi kuvitoa vidole vyake kimoja kimoja. Na pale kwenye ngozi ya mbuzi iliyolowa usiku kucha, niliona alama zilizobaki. Zilikuwa za vidole. Vidole vya mtu.

Felista aliziona pia. Akaweka mkono wake juu ya alama hizo, akalia kwa mara ya kwanza.

Lakini jirani yetu alikuwa ameamka mapema, na uani alikuta nyayo nyingine, za chui, zilizokuja na kuzunguka nyumba. Kabla ya jua kupanda sana, mtaa mzima ulizijua. Maneno yalikuwa yanaelekea kwa askari polisi, na baada ya polisi kila mtu alijua kinachofuata. Anselmi akasema anarudi Wamaza, wazee wa kwao watafute namna ya kumfungua. Felista alitaka kumfuata. Akamkatalia.

"Chukua upanga," nikamwambia.

"Ni ya Mompe," akajibu. "Na mutu mweusi mwenye upanga mu barabara ya Kabambare, watamufunga mbele ya jua kulala."

Ilikuwa kweli. Basi nikamwahidi nitamtengenezea panga la kawaida, ambalo hakuna askari angelikamata, nilivike mpini wa namna ile ile kwa kipimo chake, nimpelekee. Akaondoka akishika kijiko cha jikoni kwetu. Ndicho tulichokuwa nacho karibu.

Nilichonga mchana na jioni. Lakini kutoka eneo lako kwenda jingine siku zile ulihitaji karatasi ya njia, na mwenye kuipiga muhuri alikuwa safarini kukagua pamba. Mvua zilinyesha huku nikisubiri. Nilipoipata nikapanda baiskeli, nikapita Kabambare, nikafika Wamaza na matope mpaka kiunoni.

Mama yake alinipokea. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini kama ya mwanawe. Alinipa maji ya kunawa, akaingia ndani, akatoka na shati jeupe na suruali, vimekunjwa vizuri, na viatu juu yake. Wawindaji walivikuta juu ya jiwe pembeni ya msitu, asubuhi moja baada ya mvua. Kijiko kilikuwa ndani ya kiatu kimoja.

Nilimpa lile panga. Akapitisha kidole kwenye mifereji ya mpini, taratibu, akijua ni ya mkono gani.

"Kule Kasongo," akaniuliza, "mutoto wangu alikuwa na mutu wa kuongea naye?"

"Alikuwa nao wawili, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akalipeleka panga ndani.

Mompe aliurudisha upanga wake Ulaya alipozeeka. Wabeleji nao wakaenda zao. Felista alikataa wachumba wote mpaka wakaacha kuja. Sasa ni mzee, anakaa chumba cha nyuma, chenye dirisha dogo linalotazama msitu. Usiku wa mvua namsikia. Anaongea. Anaeleza nani amezaa, nani amezikwa, mafuta yamepanda bei, muhogo umeoza. Ananyamaza kidogo, kama anayesikiliza, halafu anaendelea. Asubuhi chini ya dirisha kuna nyayo kwenye matope, na mahali palipolaliwa pakiwa bado pakavu. Mbuzi wetu hawajawahi kuguswa. Wa majirani wameguswa. Sijui unalichukuaje jambo hilo. Mimi mpaka leo sijui.

Ukipita Kasongo majira ya mvua, karibu kwetu, utapewa mkeka na chakula. Usiku ukimsikia dada yangu anaongea, usimuulize anaongea na nani. Na popote utakapolala, ukisikia mtu nje anaomba kwa adabu afunguliwe, na kitu ndani yako kinakataa, kisikilize hicho kitu. Mlango uache ulivyo. Lakini mwitikie. Mwongeleshe mpaka kuche, hata maneno ya ovyo, maana hujui anashikilia nini huko nje ili asiingie.