Kinu Kisicho na Mchi

Siku ya kwanza kazini, katika hospitali ya misheni karibu na Kitui, Metroni alinipa ndoo na fagio. Shule niliacha darasa la tatu. Kiingereza nilikiokota kwa masikio wodini, na kabla ya miaka ya sabini kwisha nilikuwa mkalimani: nasimama kati ya daktari na mgonjwa, nageuza maneno kuwa Kikamba. Hakuna aliyenifundisha, na nilikuwa mzuri.

Miaka ya themanini nilihamishiwa zahanati yao upande wa Tawa. Huko Daktari wa Watoto alinipa neno lililonishinda.

Syombua alileta mtoto wake wa kwanza. Shingo laini kama kitambaa, macho hayafuati kitu. Alikuja na mumewe, na mama mkwe aliyekwisha kuamua. "Akitoka hapa anarudi kwao," mama mkwe alisema mbele ya Syombua. "Kwetu hakuna ugonjwa huu."

Daktari alisema kasoro iko kwenye seli. Nikasema hivyo hivyo, seli. Mume akaruka.

"Mtoto mchanga afungwe seli kwa kosa gani?"

Kumbe alijua seli ya polisi tu.

"Umemwambia nini huyu?" Daktari akafoka.

"Ulichosema."

"Basi mwambie vingine!"

Akaeleza upya, nami kwa mawazo nikaenda jikoni kwetu kutafuta maneno. Nikawaambia mwili umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila chumba mna vinu. Daktari anaviita peroksisomu. Kama tunavyotwanga mahindi ya muthokoi kuyatoa maganda, vinu hivyo hutwanga mafuta marefu ambayo mwili hauyawezi yalivyo. Vya mtoto huyu ni vitupu, havina mchi. Mafuta yanarundikana kwenye ini na ubongo. Dawa hakuna.

"Mchi aliupoteza nani?" mama mkwe akauliza. "Si huyu?"

Jibu la Daktari lilinisimamisha nywele. Kila mtu huzaliwa na maagizo mawili ya kuchonga mchi, moja la baba, moja la mama. Zuri moja latosha. Syombua ana bovu moja, haumwi. Mumewe naye analo, haumwi. Mtoto amerithi yote mawili mabovu.

Mume aliketi kama aliyepigwa rungu. Mama yake akanigeukia.

"Kijana, na huyu wangu hilo bovu alilitoa wapi?"

"Kwako, mama," nikamjibu. "Au kwa marehemu mumeo."

Kisha akasema, "Basi mimi nirudishwe kwa nani? Wazazi wangu walishakufa."

Nikatafsiri. Yule mama akampakata mtoto, akamwambia Syombua, "Shika njia, twende nyumbani."

Mtoto alifariki kabla ya mvua. Syombua hakurudishwa. Nilipostaafu miaka ya tisini alikuwa bado analima pale kwa mumewe, ana watoto wengine wazima.

Nyinyi vijana labda mambo haya mliyasoma shuleni, hayawashtui. Mimi bado yananishtua. Nimezaa wazima, na sijui nimebeba nini. Mke wangu akianza kusifu damu ya ukoo wao, namwambia anyamaze, ale.