Mti wa Mpakani Masama

Watu wengi wa Moshi wanautazama mlima tangu wazaliwe na hawajawahi kushika hata jiwe lake moja. Mimi nimeushika. Nimeushika kwa mikono miwili, kwa magoti na kwa kidevu, na alama ya kidevuni ipo hadi leo, anayebisha aje aione.

Shule sikukaa nayo sana. Nilianza kwa kuziba pancha mtaa wa Majengo, na pampu ya mguu ya kuazima. Leo nina duka la matairi, nina kenta, na mtu akizungumzia matairi Moshi bila kunitaja mimi, huyo kashuka kwenye basi jana. Kwa hiyo rafiki yangu mmoja, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni mlimani, aliposema kupanda mwamba kwa kamba si mchezo wa wenye vitambi, nilimjibu pale pale: "Kitambi hiki nimekijenga mwenyewe. Ninapopanda mimi, nacho kinapanda."

Basi ikapangwa safari. Tulikuwa watatu: mimi, huyo mwongoza wageni, na rafiki yetu muuza nyama, mtu wa Rombo. Tungezunguka mlima kwa kenta yangu, tulale kwenye hema, tupande miamba, tumalizie Mkuu, kwao muuza nyama. Tukapakia mahema, kamba, mkungu wa ndizi na nusu mbuzi, maana yule bwana hajui kusafiri bila nyama.

Tukaanzia Masama. Barabara ilipandisha katikati ya kahawa na migomba hadi ikatuishia kwenye ukingo wa korongo. Mwamba ulishuka wima mpaka mtoni. Pale ukingoni palikuwa na mringaringa mmoja mkubwa, na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, ukipita shinani pake. Mchagga yeyote akiona masale yamepangwa mstari anajua ni mpaka wa vihamba, mashamba ya urithi. Sisi tuliyaona masale. Ila mti tuliuona zaidi.

Mwongoza wageni akafunga kamba kwenye mti, akanivika mkanda wa kiunoni na mapajani, akaniteremsha hadi karibu na maji. Akasema, "Haya, panda."

Nikapanda. Na nilipanda vizuri. Nusu ya kwanza hakuna aliyeamini macho yake. Kwenye nusu ya pili mikono ikagoma, nikaachia mwamba, nikabaki naning'inia.

"Nivuteni!"

Wawili wale wakavuta. Sikusogea hata kidogo.

"Umekula nini wewe?" akauliza muuza nyama.

"Nyama yako!"

Hapo ndipo nikasikia sauti ngeni huko juu. "Nani kawaruhusu kufunga kamba kwenye mti wangu?"

Kabla hajajibiwa, ikaja ya pili kutoka upande mwingine. "Mti wa nani?"

Walikuwa wazee wawili, kila mmoja na mundu kiunoni, mtu na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja. Baba yao aliwagawia kihamba, na ule mti ukaangukia kwenye mstari wenyewe. Tangu azikwe hakuna aliyethubutu kukata hata tawi, kila mmoja akingoja siku ambayo mtu wa nje atakuja kuuomba mti kwake, apate shahidi wa kumpeleka baraza la kata. Haya yote niliyajua nikiwa hewani, kwa sababu waliyasema kwa kelele.

Nikaona adabu kwanza. "Shikamooni, wazee wangu!"

Kichwa chenye kofia ya sufu kikachungulia. "Marahaba. Umemwamkia nani?"

"Nyote, mzee."

"Mkubwa ni mimi. Hiyo imekuja kwangu."

Akaenda akaikalia kamba. Mdogo mtu kuona hivyo, akaikanyaga upande wake. "Hapandi wala hashuki mpaka aseme mti kauomba kwa nani."

"Wazee, jamani, kuna mtu huko chini," mwongoza wageni akasihi.

"Najua," kaka mtu akasema. "Ni shahidi wangu."

"Shahidi wako vipi?" Mdogo mtu akalala kifudifudi kunichungulia, mguu bado uko juu ya kamba. "Tazama! Ananing'inia kwangu. Mguu wa kulia wote uko kwangu."

"Kichwa kiko kwangu. Mtu ni kichwa."

Upepo ukanizungusha.

"Amehamia kwangu!" mdogo mtu akashangilia. "Umeona? Amehamia mwenyewe!"

Mimi ni mfanyabiashara, najua ugomvi unavyomalizwa. Nikapaza sauti, "Mti naununua! Semeni bei!"

"Utamlipa nani?" wakauliza wote wawili.

Katika maisha yangu yote ya biashara, hilo ndilo swali ghali kuliko yote niliyoulizwa. Nikimtaja mmoja, mwingine ana mundu kiunoni na kamba iko chini yake.

Mkanda ulikuwa umenibana mapaja, na miguu ikaanza kufa ganzi. "Tikisa miguu!" mwongoza wageni akaniambia. "Usiache kuitikisa, unasikia?" Hakuwa anatania tena, na huyo ni mtu anayetania hata msibani. Ndipo nikaogopa.

Muuza nyama akainama, akang'oa isale moja kutoka kwenye mpaka.

"Rudisha!" Wazee wakafoka kwa pamoja.

Akapiga magoti. "Wazee wangu, nimekosa. Nimeng'oa isale la mpaka wenu. Nawaomba msamaha kwa isale hili hili."

Kwetu Uchagani mtu akiletewa isale hana njia, lazima asamehe. Lakini ili usamehe ni lazima ulipokee. Na kila mmoja akaona hatari papo hapo: mwenzake akilipokea peke yake, basi yeye ndiye aliyekosewa, na kama ndiye aliyekosewa, mpaka ni wake. Kaka mtu akaruka. Mdogo mtu akaruka. Wakalidaka isale kwa mikono minne, na kamba ikabaki bila mtu.

"Mmesamehe," muuza nyama akasema. "Sasa tusaidieni kuvuta."

Walivuta kama vijana, kila mmoja akitaka iwe yeye aliyeniokoa. Nilipanda kwa kasi ambayo mwamba haukunipisha. Kidevu kiliumia hapo.

Sijasimama vizuri, kaka mtu akasema, "Haya. Mshukuru mwenye mti."

Wakanikazia macho. Na mimi, mtu wa kuziba pancha, nikageuka nikaukumbatia mringaringa. "Aika, mti," nikaushukuru kwa Kichagga. "Wewe ndiye uliyenishika."

Wakatazamana.

"Huyu ana akili," kaka mtu akasema.

"Kaipata upande wangu," mdogo akajibu.

Kulirudisha lile isale mahali pake kulichukua muda mrefu kuliko kupanda mwamba. "Kushoto kidogo." "Kulia, bwana!" Mwishowe nililichomeka kwenye shimo lake lile lile na kulishindilia kwa kisigino. Halafu ukaja ugomvi wa wageni walale kwa nani, tukasimamisha hema juu ya mstari, vichwa kwa mkubwa, miguu kwa mdogo. Kule Mkuu hatukufika.

Asubuhi kila mzee alileta sufuria yake ya mtori wa ndizi na nyama, akasimama kuangalia naanza na ipi. Nikachota kijiko huku na kijiko kule, nikavitia mdomoni pamoja, na nikazimaliza sufuria zote mbili. Nilisema kitambi nimekijenga mwenyewe, na ndivyo kinavyojengwa.