Benchi la Chumba Namba Saba

Hoteli ninayotunza stoo yake ina vyumba ishirini na viwili: kumi na viwili chini na kumi juu. Iko Usagara, mjini Tanga. Mwaka ninaouzungumzia, vile kumi vya juu vilikuwa vinakaribia kufungwa.

Mama mwenye hoteli, ambaye babu yake alitoka Gujarat na kuuza khanga barabara hiyohiyo, alituita uani akatueleza bila kuzunguka. Kulikuwa na semina ya wiki tatu iliyokuwa inatafuta malazi. Waandaaji hawakutaka hoteli isiyo na mpango wa dharura uliokaguliwa, yaani moto ukiwaka, mhalifu akiingia, au maradhi ya kuambukiza yakizuka hotelini. Tukipita ukaguzi, ghorofa ya juu itajaa. Tusipopita ataifunga, na wahudumu wanne wa vyumba vya juu watarudi nyumbani.

"Mpango huo tunao?" akauliza.

Watu wote wakanitazama mimi. Sababu ni kwamba nasoma. Shule niliishia darasa la saba, lakini wageni husahau vitabu vyumbani, na vitabu hivyo hupita mikononi mwangu kabla ya kufika kwenye kabati la vitu vilivyosahaulika. Nimesoma mwongozo wa mabaharia, kitabu cha magonjwa ya kuku, na sheria ya mikataba juzuu ya kwanza. Ya pili mgeni aliikumbuka.

"Nipe wiki mbili, Mama," nikasema.

Nilitoa kurasa thelathini na nne. Nilipima kwa futi ya fundi umbali wa kila mlango hadi uwanja wa kuanikia mashuka, ambao niliuteua uwe mahali pa kukusanyika. Kutoka chumba namba ishirini ni hatua sitini na moja. Kwa mtu mrefu, hamsini na nane. Niliandaa fomu ya maswali kumi na moja ya kumuuliza mgeni getini. Kwa upande wa maradhi, nilikiteua chumba namba saba kiwe cha kumtenga mgonjwa, kwa kuwa kiko mwisho wa ujia, kina choo chake, na dirisha lake linatazama uani. Mtu akishukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza ataingizwa humo, na atakayemhudumia ni mtu mmoja tu, mwenye barakoa na glavu, hadi watu wa afya wafike.

Niliwasomea wenzangu mpango wote. Kufika ukurasa wa kumi na nane, mpishi wetu, mama wa Kidigo kutoka Moa ambaye ni mkubwa wetu sote kwa umri, aliinua mkono.

"Huyo mgonjwa anatazamwa na nani?"

"Na mtu mmoja, mama."

"Mmoja! Kwani kaiba?"

Nikamweleza habari za vimelea. Akanisikiliza kwa adabu, jinsi anavyowasikiliza wageni wanaosema hawali pilipili.

Zoezi la kwanza nililipanga Jumanne saa nne kamili asubuhi. Alihitajika mtu wa kujifanya mgonjwa. Msimamizi wa wahudumu wa vyumba, ambaye ni Mzigua, akamnyooshea kidole mlinzi, ambaye ni Mnyamwezi, mjukuu wa wakata mkonge. Hao ni watani, na maneno yao hayashtakiwi popote.

"Mchague huyu. Kulala ndiyo fani yake."

"Nikifa utalia wewe," mlinzi akasema.

"Nilie nini? Nitakuja kula pilau lako na kanzu nitaondoka nayo."

Saa nne kamili mlinzi alianguka mapokezi, akikohoa kwa ufundi ambao sikuutegemea. Saa nne na dakika tatu alikuwa chumba namba saba. Saa nne na dakika tano mlango ulifungwa. Niliyaandika yote hayo kwenye daftari langu, nikaenda stoo kuhesabu barakoa. Nilitumia dakika kumi na mbili.

Niliporudi, nje ya chumba namba saba palikuwa na jozi tisa za kandambili, zimepangwa vizuri.

Nikafungua mlango. Mlinzi amelala, amefunikwa khanga mbili. Mpishi amekaa miguuni pake na bakuli la uji wa pilipili manga. Mtunza bustani anamenya machungwa ya Muheza. Wahudumu wako chini sakafuni. Mama muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara anampepea kwa sinia lake, na waendesha bodaboda wawili wamesimama ukutani, mmoja kashika kofia yake ya chuma kifuani kama aliyefika kwenye mazishi. Yule msimamizi, mtani mwenyewe, alikuwa amemshika mgonjwa mkono.

"Hili ni zoezi!" nikasema.

"Tunajua ni zoezi," mpishi akajibu. "Ndiyo maana nimeleta uji mtupu. Ingekuwa kweli ningechinja kuku."

Nikamuuliza mama wa vitumbua ameingiaje. Akasema ameingia getini, hapakuwa na mtu wa kumzuia. Ni kweli, hapakuwa na mtu. Mlinzi nilikuwa nimemfanya mgonjwa, na katika kurasa thelathini na nne sikuwa nimeandika nani atakaa getini mlinzi akiugua. Nikaliandika hilo papo hapo, nimesimama, huku wakinikaribisha chungwa.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga, nami naieleza ili iwafae wengine. Nilibandika karatasi ukutani: NI MARUFUKU KUMTEMBELEA MGONJWA. Kufika alasiri mtu alikuwa ameongeza chini yake kwa penseli: Na wewe usiugue.

Niliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Kwetu huku, mtu asipofika kumjulia hali mgonjwa, kutofika kwake hukumbukwa hadi harusi ya wajukuu. Ile ilikuwa kanuni iliyonitangulia, tena haikuhitaji kubandikwa. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya ukaguzi. Siku tatu zinatosha kubadili karatasi, lakini hazitoshi kuwabadili Watanga.

Basi nikatoka uani, nikasimama mbele ya dirisha la chumba namba saba na futi yangu. Nikapima mita tatu kutoka dirishani, nikapiga mstari kwa rangi nyeupe, na nyuma ya mstari nikaweka benchi la dobi. Wanaotaka kumjulia hali mgonjwa watakaa hapo na kumpa pole kwa sauti. Chakula kitawekwa kwenye kimeza cha nje ya mlango, na yule mhudumu mmoja atakiingiza. Mwisho nikafunga daftari kwa kamba mguuni mwa benchi: jina, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Kwa njia hiyo watu wa afya wakifika watajua nani alikaribia na lini.

Mpishi alilipekua lile daftari tupu, akaafiki.

"Zuri. Tutajua na nani hakuja."

Siku ya ukaguzi alikuja mama mmoja wa makamo, mtaratibu, mwenye miwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasoma kurasa zote thelathini na nne akiwa amesimama. Mama mwenye hoteli alikuwa pembeni, anazungusha bangili zake. Wale wahudumu wanne wa juu walikuwa wamejipanga ngazini kama wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Umeandika mwenyewe?" mkaguzi akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Inaonekana. Sasa tufanye zoezi la maradhi. Mgonjwa ni wewe."

Nikamweleza kwamba mimi ndiye msimamizi wa mpango.

"Na wasimamizi hawaugui?"

Dakika tatu baadaye nilikuwa nimelala chumba namba saba, mlango umefungwa. Hapo ndipo nilipogusa mfuko wa suruali nikakuta ufunguo wa stoo. Glavu zilikuwa stoo. Barakoa zilikuwa stoo. Namba ya simu ya watu wa afya ilikuwa ndani ya faili, na faili lilikuwa stoo.

Msimamizi wa wahudumu akatokea kwenye mstari mweupe.

"Bwana Kanuni! Ufunguo!"

Nikauinua ili nimrushie, kisha nikakumbuka. "Ukurasa wa kumi na tisa," nikasema. "Kitu kilichoingia kwa mgonjwa hakitoki."

"Nani kaandika hivyo?"

"Mimi."

"Basi ukumbatie huo ufunguo wako," akasema, akaondoka.

Kupitia dirishani niliwaona wale wahudumu wanne wakishuka mbio. Mmoja alirudi na glavu za dobi. Wa pili alileta barakoa za khanga walizojishonea wenyewe miaka ile ya barakoa, ambazo walikuwa hawajazitupa. Simu ilipigwa na mlinzi. Namba alikuwa ameiandika kwa chaki nyuma ya geti.

"Toka siku ile nilipougua," akamwambia mkaguzi kwa uzito. "Mtu ukinusurika unajifunza."

Mlinzi akiwa bado hapo, mzee mmoja mwenye begi kubwa akasimama getini. Baadaye tuliambiwa kwamba mkaguzi ndiye aliyemtuma kutujaribu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Za utokako?"

"Salama."

"Ndiyo wapi huko?"

"Horohoro."

"Aa, Horohoro! Kwa nani pale? Maana mimi pale nina shemeji."

Mzee akababaika. Mlinzi akampa pole ya safari, akamuuliza kaja na gari gani, kashukia wapi, anamfuata nani, hao aliowaacha nyumbani hawajambo, na begi hili zito kabeba nini, ampokee? Baada ya dakika nne mzee alimwita mkaguzi aje amwokoe. Fomu yangu ilikuwa na maswali kumi na moja. Mimi dirishani nilihesabu kumi na manne, na hakuna fomu iliyoguswa.

Benchi likajaa. "Ugua pole, Bwana Kanuni!"

"Siumwi," nikasema.

"Wote husema hivyo," akajibu muuza vitumbua, ambaye safari hii alikuwa ameandikishwa getini.

Walinitazama kwa huruma nyingi hata nikajipapasa paji la uso. Naandika ukweli: niliona lina joto.

Ndipo mkaguzi akaja dirishani kuniuliza jambo, akavuka mstari. Nikamwona mama mwenye hoteli akifumba macho, kwa maana mpishi alikuwa tayari ameshainuka.

"Mwanangu, mstari."

Mkaguzi akasimama.

"Na daftari hujaandika."

Mkaguzi alirudi nyuma hatua mbili, akakaa mwishoni mwa benchi walikomsogezea nafasi, akaandika jina lake na saa. Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi, akaniambia, "Ugua pole, baba."

"Nimeshapoa," nikajibu.

Tulipita, kwa masharti mawili. La kwanza, funguo za stoo ziwe kwa watu watatu. La pili, mpango upunguzwe hadi kurasa nne. Lile la pili lilinigharimu wiki nzima.

Semina ikaja na vyumba vya juu vikajaa. Wiki ya pili mshiriki mmoja kutoka Dodoma aliamka anatapika. Kila kitu kilikwenda kama ukurasa wa tatu unavyosema: chumba namba saba, glavu, simu. Muuguzi alifika, akampima, akasema ni tumbo tu, lakini abaki humo hadi kesho kwa tahadhari. Wa kwanza kuandika majina daftarini walikuwa wale wahudumu wanne. Kufika adhuhuri benchi lilikuwa na watu kumi na wanne, na uji kimezani.

Nilipopita, mgonjwa aliniita kwa kidole kutoka dirishani, nikasimama kwenye mstari. Alikuwa ameshika pazia.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "hawa watu siwajui hata mmoja. Muuguzi kawaambia nini ambacho mimi sijaambiwa?"

Nikamweleza kwamba ni desturi tu. Hakuniamini. Alinitaka nimuulize yule mama mkubwa aliyekaa katikati, kwa kuwa ndiye aliyeonekana kujua. Nikasogea hadi katikati ya benchi, nikalifikisha swali lake.

Mpishi hakuinuka. "Mwambie ale uji," akasema. "Angekuwa wa kufa tungetandika mkeka."