Sidii Iliyoamia Mpunga

Nakiri kwamba nina hasira za karibu, hasa na sidii chafu. Kazi yangu katika hospitali moja hapa mjini Morogoro ni kupokea sidii zenye picha za wagonjwa zilizopigwa hospitali nyingine, kuziingiza kwenye mfumo wetu na kuziandika namba ya kwetu, ili daktari azione za zamani na za leo zimekaa pamoja kwenye kioo kimoja. Kazi yenyewe haina jasho. Jasho ni hizo sidii. Nimeshaletewa iliyofungwa pamoja na dagaa. Nimeshaletewa ya taarabu, mwenyewe akiapa kuwa ni nyonga ya mumewe. Tulipoisikia ikiimba aliondoka kwa aibu, akaiacha kwenye droo yangu.

Siku moja akaja dirishani bibi mmoja kutoka Matombo, mkononi ana barua ya daktari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa ile lafudhi ya Kiluguru inayopanda na kushuka kama njia za huko kwao. Barua ilisema picha aliyopigwa asubuhi hiyo imeonyesha doa kwenye pafu la kulia. Miaka miwili nyuma alishapigwa picha kama hiyo Dar es Salaam. Kama doa lilikuwepo tangu wakati huo na halijakua, ni kovu tu, arudi nyumbani. Kama limekua, afunguliwe kifua.

"Sidii ya Dar unayo, bibi?"

"Ninayo, mwanangu."

Akafungua pindo la kanga. Sidii ilikuwa na tope lililokauka, mavi ya ndege, na kamba ya mgomba iliyopitishwa kwenye tundu la katikati na kufungwa fundo. Hasira zikanipanda.

"Bibi, hiki ni kifua chako. Umekifanya nini?"

"Nilikitundika shambani kimeremete juani," akasema bila aibu hata chembe. "Kinaamia mpunga."

Kuamia ni kushinda shambani tangu alfajiri ukipiga kelele na madebe, ndege wasiumalize mpunga kabla hujavuna. Vijana wa mjini hawalijui neno hilo. Mimi ninalijua, kwa sababu marehemu mama alinipeleka kuamia kila likizo, na niliichukia kazi ile kuliko hesabu.

"Tangu kifua kinibane siwezi kupaza sauti," akaendelea. "Ndege wakanijua. Sasa huyo daktari wa Dar alishaniambia kifua changu kimo humo. Nikasema basi, kama hiki nilichonacho kimegoma, hicho kingine kiende kazini."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Naye akacheka, akakohoa, akacheka tena.

Nikakata kamba, nikaiosha sidii kwa maji na sabuni, nikaifuta kutoka katikati kwenda nje na kuitia kwenye kompyuta. Ikaunguruma, ikatemwa. Mara ya pili ikasoma jina la bibi, ikakwama hapo hapo. Sasa nikaogopa. Kile kituo cha Dar alikopigwa picha kilishafungwa, na nakala nyingine haikuwepo popote. Kifua cha bibi kilikuwa kinategemea kitambaa changu.

"Usiibembeleze sana," akaniambia. "Hiyo imezoea upepo. Itoe nje ikauke."

Nikaona haya kubisha. Nikaishika dirishani, upepo wa mlimani ukaipuliza, matone mawili yakadondoka kutoka tunduni ambako kitambaa changu hakikufika. Nilipoirudisha, picha zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Nikahakiki jina na umri, nikaandika namba yetu, nikazituma. Kisha nikamfuata bibi chumbani kwa daktari, ingawa sikuitwa.

Daktari akaziweka picha bega kwa bega. Akapima doa la zamani, akapima la leo, akarudia kupima.

"Halijakua," akasema. "Ni kovu, bibi. Hatukufungui. Hicho kikohozi tutakitafutia dawa."

Machozi yalinitoka kwa furaha, nami ni mtu mzima, mbele ya daktari. Bibi alikuwa mtulivu. Alinigeukia.

"Picha zimebaki kwenye mashine yenu?"

"Zimebaki, bibi. Wakati wowote tutaziona."

"Basi nirudishie sidii yangu. Mpunga umeshaingia maziwa, ndege wanausubiri."

Tukarudi dirishani kwangu. Nikaitafuta ile kamba niliyoikata, nikaiunga, nikaipitisha tena tunduni na kufunga fundo kwa mkono wangu. Halafu nikafungua droo, nikamwongezea na ile nyingine isiyo na mwenyewe. Akaigeuzageuza kwenye mwanga.

"Na hiki ni kifua cha nani?"

"Hiyo ni taarabu, bibi."

"Afadhali," akasema, akazifunga zote mbili kwenye pindo. "Hiyo ina sauti."